Ziwa Halijakauka: Juu ya Shairi la Maji na Ufukara

Katika shule zetu, katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, na katika hafla za sikukuu za taifa, liko shairi moja ambalo hutungwa, husifiwa, husahauliwa, kisha hutungwa tena. Watunzi wake ni wengi na majina yake ni mengi, lakini shairi ni lilelile. Ndani yake yumo mama mwenye ndoo tupu, kimo kisima kilichokauka, zimo mbingu zilizonuna, na mwishoni imo dua. Sisi pia tumelisoma tangu utoto wetu, tukalikariri, na wengine wetu tukalitunga kwa mikono yetu wenyewe tukapewa alama nzuri. Leo tumekusudia kugombana nalo. Tunasema hivyo waziwazi mapema, ili msomaji asije akadhani kuwa tumekuja kulipamba.

Ili tusimwonee mtunzi yeyote kwa kosa ambalo ni letu sote, tumetunga wenyewe ubeti mmoja wa mfano, nao tumeujenga kwa vifaa vile vile ambavyo kila mtoto wa shule anavijua:

Kisima kimekauka, mama anasaka maji,
Mbingu zimekasirika, hazimwoni mhitaji,
Ndoo tupu ameshika, atembea kila mji,
Ewe Mola twakutaka, tunyeshee sisi waja.

Mwalimu wa ushairi akiupima ubeti huu hatauona na ila. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Vina vya kati ni *ka*, vya mwisho ni *ji*, na kibwagizo kina kina chake. Akiulizwa dhamira, mwanafunzi atajibu kuwa ni umaskini na uhaba wa maji. Akiulizwa tamathali za usemi, atataja tashihisi, kwa kuwa mbingu zimepewa hasira ya binadamu. Akiulizwa ujumbe, ataandika kwamba tuwe na subira na tutunze vyanzo vya maji. Atapata alama zake, naye mwalimu atafunga daftari. Hakuna kati yao aliyeuliza swali jepesi kuliko yote: kisima hiki kiko wapi?

Tuulize sisi. Iwapo kiko Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 570, ubeti huu una chembe ya ukweli, hata kama si ukweli wote. Lakini ubeti huu huu huandikwa pia na mtoto aliyeketi darasani Nyanga, mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba, na huandikwa na mwenzake aliye Muleba, katika mkoa wa Kagera. Huko ufukweni mvua hukaribia milimita 2000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa katika nchi yetu, ijapokuwa hupungua kadiri mtu anavyoliacha ziwa kuelekea magharibi. Na mashariki ya wilaya hizo limelala Ziwa Viktoria, ambalo Wahaya waliliita Lweru kabla ya malkia yeyote wa ng'ambo kulipa jina lake, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mtoto huyo amezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, amenyeshewa tangu siku ya kuzaliwa kwake, naye ameandika kwamba mbingu zimekasirika.

Je, mtoto huyo ni mwongo? La, hasha. Asubuhi ile kabla ya kuja shuleni huenda ameteka maji, na shingo yake bado inamuuma. Dhiki yake ni ya kweli. Ni sababu ya dhiki hiyo aliyoipokea ikiwa ya uongo. Wala hakuibuni mwenyewe. Sisi ndio tuliomfundisha.

Tuitazame ardhi yenyewe. Toka Bukoba kwenda kusini hadi Muleba nchi imejengwa kwa safu za vilima zinazokwenda sambamba na ufuko wa ziwa. Watu wamejenga juu yake, mahali penye udongo uliorutubishwa kwa vizazi na vizazi, na kila kaya imezungukwa na kibanja chake cha migomba na mibuni. Kati ya kijiji na kijiji hutanda rweya, yaani mbuga ya nyasi. Maji ya chemchemi hutoka chini, mabondeni na kwenye vitako vya magenge. Kwa hiyo kisima cha nchi hii kwa kawaida hakikauki. Kiko chini, na nyumba iko juu. Tofauti kati ya kisima kilichokauka na kisima kilicho chini ndiyo tofauti kati ya ubeti wetu na maisha. Kisima kikikauka, mtu humlilia Mungu. Kisima kikiwa chini, mtu huuliza ni nani anayepaswa kuyapandisha maji, kwa chombo gani, na kwa fedha ya nani.

Kwa muda mrefu jibu la swali hilo limekuwa ni mwanamke, kwa chombo cha kichwa chake, na bila fedha yoyote. Ndoo au dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu uzito wa chombo. Mama huliweka juu ya ngata, akashika njia ya kupanda, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mbele yake mwenye kidumu chake kidogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri mbele ya dunia kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote katika nchi hii, saa 12 hadi 14 kwa siku, bila kujali Jumapili wala sikukuu. Tunaomba msomaji ajiulize ni ngapi kati ya saa hizo zilikuwa saa za maji.

Na tusiseme kwamba mambo haya hayahesabiki. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo: kila mtu wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kila kituo kihudumie watu 250. Tuchukue kaya ya watu 6. Inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu, yaani safari nane. Kila safari ni mita 400 kwenda na mita 400 kurudi. Jumla ni kilomita 6 na mita 400 kila siku iendayo kwa Mungu, na nusu ya njia hiyo mama anatembea na kilo 20 kichwani. Hapo serikali imetimiza ahadi yake yote, bomba halijaharibika, foleni haipo, na hesabu za wizara zinaonyesha kuwa kaya hiyo imekwisha kupata huduma. Sasa msomaji akadirie hali ya yule ambaye ahadi haijamfikia.

Tuhesabu na jambo la pili. Paa la mabati lenye mita za mraba 40, ambalo ni paa la nyumba ndogo, likinyeshewa milimita 2000 kwa mwaka hupokea lita 80,000. Tukizigawa kwa siku 365 tunapata zaidi ya lita 200 kwa siku. Hata tukiondoa yatakayomwagika na kupotea, yanayobaki yanakaribia au kupita lita 150 ambazo kaya yetu inazihitaji. Basi maji ya kaya hiyo yameletwa mlangoni kwake na mbingu zile zile tulizozitukana katika mshororo wa pili. Kinachokosekana ni mlizamu wa kuyakinga na tangi kubwa la kuyaweka mpaka miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ipite. Tangi hugharimu fedha, na saruji hugharimu fedha. Mwenye nyumba ya nyasi hana hata hilo paa la kukingia. Hapa ndipo umaskini unapoingia katika habari ya maji, na unaingia kwa mlango tofauti kabisa na ule uliofunguliwa na mshairi. Mshairi anasema mama ni maskini kwa sababu maji hayapo. Hesabu inasema maji yapo, ila hayamfikii mama kwa sababu ni maskini. Na kwa kuwa hayamfikii, hutumia nguvu na saa zake kuyafuata, akabaki katika umaskini ule ule. Waswahili wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wilaya hizi zina bahari yao ya maji matamu, lakini maskini wake hupimiwa kwa kifuu.

Turudi sasa kwenye ubeti wetu, tuusome kama unavyostahili kusomwa, neno kwa neno, tuone umefanyaje kuficha jambo lililo wazi kiasi hiki. Tuangalie vitenzi vyake, kwani katika kitenzi ndimo mtenda anamokaa. *Kimekauka*: kisima kimejikaukia chenyewe, hakuna aliyekikausha wala aliyeshindwa kukichimba. *Zimekasirika*: mbingu zimekasirika, na mbingu hazipelekwi mahakamani. Kisha anakuja mtu, naye ni mama, na vitenzi vyote vyenye jasho amebebeshwa yeye: *anasaka*, *ameshika*, *atembea*. Mwishoni tunakuja sisi, na kazi yetu ni moja: *twakutaka*, yaani tunaomba. Wahusika ni hao tu. Baba hayumo, ingawa fedha za kahawa kwa desturi zimekuwa mikononi mwake na angeweza kununua mabati. Mwenye mamlaka hayumo. Fundi wa bomba hayumo. Mkoloni hayumo, na mrithi wake hayumo. Na katika ubeti ulioandikwa kando ya ziwa, hata ziwa lenyewe halimo! Mtoto ametazama nje ya dirisha la darasa lake akaona kile tu alichofundishwa kukiona katika kitabu.

Jambo la mwisho latuudhi kuliko yote, maana ni jambo la utamaduni hasa. Nchi hii ya Wahaya haikuwa bubu. Ina sanaa kubwa ya tendi zinazoimbwa kwa enanga, chombo cha nyuzi cha ubao, sanaa ambayo M. M. Mulokozi aliifanyia utafiti mrefu uliokamilika katika tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miongoni mwa majina makubwa ya masimulizi hayo ni Mugasha, mwenye ziwa, mwenye upepo na dhoruba. Hatumwiti msomaji arudi kumwabudu Mugasha. Tunasema tu kwamba katika fikra za wazee hao maji yalikuwa ni nguvu, nayo nguvu hiyo ilikuwa na mwenyewe, mwenye jina, anayeweza kukabiliwa, kusifiwa na kulaumiwa. Mjukuu wao tumempa maji yasiyo na mwenyewe na njaa isiyo na sababu. Tumemnyang'anya ziwa lake katika fasihi, kisha tukamsifu kwa kuwa vina vyake vimelingana.

Na maji haya, tangu mkoloni hadi leo, hayajapata kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Mwaka 1929 Uingereza, ikizisemea nchi zilizokuwa chini yake, Tanganyika ikiwamo, ilipatana na Misri kwamba kazi kubwa za umwagiliaji na umeme zenye kupunguza maji ya Naili zisijengwe katika mto huo na maziwa yake bila ya Misri kukubali. Hakuna mtu wa Bukoba aliyeulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba nchi huru haifungwi na mapatano hayo. Mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake, na mwaka 1991 ukafika ahadi ikiwa mbali na kutimia. Sera ya mwaka 2002, ile ile yenye kipimo cha mita 400, ikataka jamii zimiliki miradi na zibebe gharama za kuiendesha na kuitengeneza. Mwaka 2009 ukazinduliwa mradi wa kuyapeleka maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama, zaidi ya kilomita mia moja kutoka ufukoni, na Watanzania wakaona kwa macho yao kwamba maji hupanda nchi yanaposukumwa. Bukoba na Muleba zenyewe ziliingizwa katika mpango wa maji na usafi wa miji ya Ziwa Viktoria ulioanza mwaka 2004, na tangu mwaka 2019 kuna wakala wa serikali, RUWASA, wenye dhamana ya maji vijijini.

Hatukuyaorodhesha haya ili kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Kimefanyika kingi, na mwenye kubeza kazi hiyo hajapata kumwona mama akifungua koki kwa mara ya kwanza uani kwake. Tumeyaorodhesha ili ionekane kwamba kila hatua ya historia hii ni uamuzi wa watu. Wengine walitia sahihi, wengine wakakataa kutia. Wengine walipanga bajeti, wengine wakaipunguza. Palipopitishwa bomba palichaguliwa, na palipoachwa palichaguliwa pia. Shairi linalosema kwamba mbingu zimekasirika limewafutia wote hao majina yao, wema kwa wabaya. Waliotenda vema halikuwashukuru, na waliozembea limewapa msamaha wasiouomba.

Tunajua tutajibiwa nini. Tutaambiwa kwamba shairi si taarifa ya mhandisi, na kwamba kazi ya mshairi ni kugusa moyo. Tunakubali kwamba ni kuugusa moyo. Tunauliza unaguswa ili ufanye nini. Moyo ukiguswa na ubeti wetu wa mfano humwonea mama huruma, humsifu kwa uvumilivu wake, kisha hutulia. Tumewasifu mama zetu kwa uvumilivu miaka mingi mno, na sifa imekuwa ujira wa bei nafuu kuliko tangi. Mama mwenyewe angepewa hiari angechagua tangi.

Wengine watasema kwamba kosa ni la vina na mizani, kwamba umbo la kale linamfunga mshairi asiseme kweli. Ubishi huo tunaujua. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za utungaji mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akazivunja katika *Kichomi* mwaka 1974. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaitetea njia pana zaidi katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*. Ulikuwa ubishi wenye faida, nasi tunawaheshimu wa pande zote. Lakini kwa wengi waliokuja nyuma yao uligeuka kuwa ugomvi wa chombo, ndoo ya bati au ndoo ya plastiki, huku maji yaliyomo yakisahauliwa. Uongo unaweza kusemwa kwa mizani kumi na sita, na unaweza kusemwa bila mizani hata moja. Ili kuonyesha kwamba umbo halina hatia, tumetunga ubeti wa pili kwa vina vile vile na mizani ile ile:

Ziwa halijakauka, chini lameta kwa maji,
Shingo yake yatumika, kama bomba la kijiji,
Nani aliyeandika, kuwa yeye mhitaji?
Si mvua tunayotaka, twataka hesabu waja.

Hatudai kwamba ubeti huu ni mzuri kuliko ule. Wenye kipaji watatunga ulio bora. Tunadai kwamba unasomeka kwa namna nyingine. Mwanafunzi akiulizwa mama anabeba nini, atajibu kwamba anabeba kazi ya bomba. Akiulizwa ni nani aliyeandika, itambidi aondoke kwenye daftari aende akaulize: akamuulize baba nyumbani, akamuulize mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, akasome ubao wa matangazo ya mapato na matumizi. Ubeti wa kwanza humaliza somo, na wa pili huanzisha uchunguzi.

Basi tunayo madai matatu. Kwa watunzi: andikeni maji mnayoyateka. Aliye Dodoma aandike ya Dodoma, aliye Nyanga aandike kilima chake na chemchemi yake, na Unguja waandike kisima chao kilichoingiwa na chumvi. Kwa walimu na watunga mitihani: pamoja na kuuliza vina, mizani na tamathali, ulizeni ni nani mtenda wa kila kitenzi, na ni nani aliyefichwa. Swali hilo linaweza kujibiwa na mtoto wa darasa la saba, na halihitaji kitabu cha ng'ambo. Kwa viongozi: msilipigie makofi shairi la kisima kilichokauka linaposomwa mbele yenu siku ya sherehe. Linawasifu kwa kuwanyamazia, na sifa ya namna hiyo ni hatari kwa anayeipokea kuliko lawama.

Nasi tuliotunga mashairi ya aina hiyo tulipokuwa vijana, tukapewa daftari na kalamu kuwa zawadi, tuna deni letu. Tuliandika kwamba mama alikwenda kusaka maji. Hatukuandika kwamba alikuwa anajua barabara yalipo, kwamba alikuwa ameyafuata mahali pale pale tangu alipokuwa na umri wa miaka saba, na kwamba sisi tulikuwa tumekaa kivulini tukitafuta kina cha *ji* wakati alipokuwa anapanda.